Nahodha wa Manowari ya Bomba Tatu: Maisha ya Max Looff



Mhariri wa jarida letu amenitaka niandike habari za maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kufa zamani. Najua wengi mlitazamia nimchague kiongozi wa taifa, au mzee mmoja maarufu wa milima yetu ya Upare. Badala yake nimemchagua Mjerumani, tena baharia, ambaye vita vyake vilikuwa Zanzibar, Rufiji na Newala, mbali kabisa na Kifaru. Naomba mnivumilie. Nina deni, na deni hilo naliona haliwezi kulipika pengine isipokuwa hapa.

Nilipokuwa kidato cha tatu, mwalimu wetu wa historia alituagiza tukienda likizo tuwahoji wazee wetu juu ya Vita Kuu ya Kwanza. Mimi nilimwendea babu yangu mzaa baba. Akanieleza kwamba alipokuwa kijana, kabla hajabalehe vizuri, alikusanywa pamoja na wenzake akapelekwa Kahe kubeba mawe na mataruma ya reli ili pawekwe mzinga mkubwa. Akasema mzinga huo ulitoka katika manowari. Nikacheka. Manowari, Kahe! Kutoka Tanga mpaka Moshi reli ina urefu wa kilomita 352, na bahari haionekani hata ukipanda kilele cha milima yetu yote. Niliandika katika daftari langu kwamba wazee wakifikia umri huchanganya mambo. Babu aliona nacheka. Akanyamaza, akaendelea kuchonga mpini wake wa jembe, na tangu siku ile hakunisimulia tena habari za vita.

Babu alifariki. Baada ya miaka mingi, nilikwenda Mombasa kwa shughuli zangu, nikaingia Ngome ya Yesu kama mtalii yeyote. Pale nikaukuta mzinga mrefu wa zaidi ya mita nne, na kibao kikieleza kwamba ni mmoja wa mizinga ya manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg, iliyoteremshwa melini na kupiganiwa nchi kavu. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Niliporudi nyumbani nikaanza kutafuta vitabu, na katika kila kitabu nikakutana na jina moja: Max Looff.

Kijana wa Strassburg

Max Looff alizaliwa tarehe 2 Mei 1874 katika mji wa Strassburg, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Ujerumani na leo uko Ufaransa. Alijiunga na jeshi la majini la Kaizari na kupanda vyeo ngazi kwa ngazi, kama walivyopanda maofisa wengi wa wakati wake. Mwezi wa Aprili 1914, akiwa na umri wa miaka karibu 40, alikabidhiwa manowari Königsberg. Amri aliyopewa ilikuwa kuileta Afrika ya Mashariki, ikae hapo kulinda na kuonyesha ukubwa wa himaya yao.

Ilitia nanga Dar es Salaam mwanzoni mwa Juni 1914. Ilikuwa na urefu wa mita 115, mizinga kumi ya milimita 105, na mwendo wa maili 24 za bahari kwa saa. Watu wa pwani walijaa ufukoni kuitazama. Walikuwa wamezoea kuona meli zenye dohani moja au mbili. Hii ilikuwa na tatu, nao wakaipa jina la Manowari ya Bomba Tatu. Wajerumani walifurahi sana kusikia jina hilo, kwa sababu walijua kwamba machoni pa watu wingi wa bomba ulikuwa ni wingi wa nguvu.

Waya wa chini na simu ya upepo

Hapa sina budi kueleza jambo moja kabla ya kuendelea, maana bila hilo habari za Looff hazieleweki.

Tangu mwaka 1879 Waingereza walikuwa na waya wa simu uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden kuja Zanzibar, ukateremka Msumbiji na Delagoa Bay hadi Durban. Kwa hiyo admeri wa Kiingereza aliyekaa Simonstown, karibu na Rasi ya Tumaini Jema, aliweza kupeana habari na London na Zanzibar kwa muda mfupi, na mtu aliyekuwa katikati ya bahari hakuweza kusikia neno.

Wajerumani nao walitegemea simu ya upepo. Walijenga kituo kikubwa Kamina katika Togo, kingine Windhoek katika Afrika ya Kusini-Magharibi, na katika nchi yetu vituo vya Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba. Simu ya upepo ilikuwa ajabu ya zama zile. Lakini ina kasoro moja: upepo hauna mwenyewe. Ukisema ndani yake, rafiki anasikia na adui anasikia. Unaweza kuficha maana kwa maandishi ya siri, lakini huwezi kuficha kwamba umesema.

Vita ilipoanza, Waingereza walianza na waya na minara hiyo. Nyaya za Ujerumani za chini ya bahari zilikatwa siku za kwanza kabisa. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari Astraea ilifika Dar es Salaam ikapiga mizinga, na mnara wa simu ya upepo ukaanguka. Kituo cha Kamina kilibomolewa na Wajerumani wenyewe mwezi huo huo ili kisitekwe. Windhoek ilitekwa na majeshi ya Afrika Kusini Mei 1915, na Bukoba ikavamiwa Juni 1915. Mlolongo mzima ulikatika pete baada ya pete, na mwishoni mwake alibaki Looff ndani ya meli yake.

Kutoroka na kuwinda

Looff hakungojea afungiwe bandarini. Tarehe 31 Julai 1914, siku chache kabla ya Uingereza kuingia vitani, aling'oa nanga na kutoka Dar es Salaam. Nje zilikuwa zikimngoja manowari tatu za Kikosi cha Rasi chini ya Admeri Herbert King-Hall: Hyacinth, Astraea na Pegasus. Zote zilikuwa za kizamani na nzito. Looff alijificha katika mvua na giza, akaongeza moto, akawaacha nyuma. Walipopambazukiwa, bahari ilikuwa tupu.

Tarehe 6 Agosti, karibu na pwani ya Oman, aliikamata meli ya shehena City of Winchester iliyobeba chai kutoka Bara Hindi. Hiyo ndiyo meli ya kwanza ya biashara ya Waingereza kutekwa katika vita ile. Lakini hapo hapo shida yake ikajitokeza. Manowari ya mwendo mkali hula makaa kama moto wa nyika. Waingereza walikuwa wamewahi kununua makaa yaliyokuwa yakiuzwa katika bandari za Msumbiji ili yeye asiyapate. Makaa aliyoyatoa katika ile meli aliyoikamata yalikuwa mabaya, yakaziba majiko yake kwa masizi. Alikwenda hadi Majunga, Madagaska, akakuta bandari haina meli yoyote. Tarehe 3 Septemba akaingia katika midomo ya mto Rufiji, mahali ambapo ramani za Waingereza hazikuonyesha kwamba meli kubwa kama hiyo ingeweza kupita.

Asubuhi ya Zanzibar

Akiwa Rufiji alipata habari kwamba manowari moja ya Kiingereza imetia nanga Zanzibar. Ilikuwa ni Pegasus, ambayo mitambo yake ilikuwa imefunguliwa kwa matengenezo. Jumapili tarehe 20 Septemba 1914, alfajiri kama saa kumi na moja, Königsberg ilitokea mbele ya bandari na kuanza kupiga kutoka umbali wa kilomita tisa hivi. Makombora ya Pegasus hayakuweza kufika huko. Katika muda wa dakika ishirini au zaidi kidogo, Pegasus ilikuwa haina mzinga unaolia, na baadaye siku ile ikazama. Waingereza 38 walipoteza maisha, na wengi wao wamezikwa katika kisiwa kidogo cha Chapwani mbele ya mji wa Zanzibar.

Ulikuwa ushindi mkubwa wa Looff. Lakini siku iyo hiyo mtambo mmoja wa meli yake ulivunjika. Alilazimika kurudi Rufiji. Vipande vilivyovunjika vikapelekwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa, kisha vikarudishwa, na kazi ya kuvikokota ilikuwa ya watu weusi. Katika vitabu majina ya maofisa yameandikwa pamoja na vyeo vyao, na hawa wengine wameitwa tu wapagazi. Naomba msomaji asisahau jambo hili, nitalirudia.

Barua iliyomsaliti

Baada ya kuzama Pegasus, London ilituma manowari mpya tatu zenye mwendo, Chatham, Dartmouth na Weymouth, kumtafuta Looff. Zilizunguka pwani yote bila mafanikio. Looff alinyamaza kimya katika simu ya upepo kadiri alivyoweza, akiwasikiliza Waingereza wakisemezana.

Kilichomfichua hakikuwa simu. Mwezi wa Oktoba mabaharia wa Chatham walipanda meli ya Kijerumani iitwayo Präsident iliyokuwa Lindi. Katika karatasi zake walikuta maandishi yaliyoonyesha kwamba makaa yamepelekwa kwa mashua mahali paitwapo Salale. Salale ni ndani ya Rufiji. Tarehe 30 Oktoba 1914 Chatham ikafika karibu na midomo ya mto, na walinzi wake wakaona juu ya mikoko milingoti ya meli ambayo haikupaswa kuwa pale.

Tangu hapo Looff hakutoka tena. Tarehe 10 Novemba Waingereza walizamisha meli ya makaa, Newbridge, katika mdomo mmoja wa mto ili kuuziba. Walimleta kutoka Durban rubani H. Dennis Cutler na ndege yake ya kutua majini, naye ndiye aliyeiona Königsberg kutoka angani kwa mara ya kwanza. Mwezi wa Desemba ndege yake iliharibika, akatekwa na Wajerumani. Januari 1915 Waingereza wakakiteka kisiwa cha Mafia na kukifanya kituo chao.

Miezi minane katika mikoko

Wenzangu, jiulizeni maisha yalikuwaje mle ndani. Joto, mbu, maji yanayopanda na kushuka, na homa ya malaria kila siku. Looff aliisogeza meli mbele zaidi ya mto, akaifunika kwa matawi. Aliweka vituo vya ulinzi katika vichaka vya midomoni, walinzi wakakaa juu ya miti, na waya za simu zikavutwa kutoka kituo hadi kituo mpaka melini. Kwa hiyo hakuna mashua ya Waingereza iliyoweza kuingia bila yeye kujua. Baadhi ya mabaharia wake walichukuliwa kwenda kupigana nchi kavu chini ya Kanali Paul von Lettow-Vorbeck. Waliobaki walikuwa wakipungua kwa maradhi. Makaa hayakutosha kwa safari ya kurudi kwao.

Ujerumani ilijaribu kumsaidia. Februari 1915 meli iitwayo Rubens, iliyojigeuza kuwa meli ya Denmark kwa jina la Kronborg, iliondoka Ujerumani chini ya nahodha Carl Christiansen. Ilibeba makaa kwa ajili ya Königsberg, pamoja na bunduki na risasi kwa ajili ya Lettow. Ilizunguka Afrika yote kupitia kusini mwa Rasi na kufika pwani yetu Aprili 1915. Lakini ili meli hiyo na Looff wakutane ilibidi waambizane, na njia yao ya kuambizana ilikuwa upepo tu. Waingereza wakanasa mawasiliano yao. Tarehe 14 Aprili Hyacinth ilikuwa tayari inaingoja. Ikaifukuza hadi Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, na kuipiga. Mtambo wa Hyacinth uliharibika katikati ya mbio, lau si hivyo isingefika hata Manza. Christiansen akaizamisha mwenyewe katika maji mafupi, kisha Wajerumani wakaopoa sehemu kubwa ya silaha. Lettow alipata bunduki zake. Looff hakupata makaa yake. Siku hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo Königsberg ilikufa, ingawa haikuzama mpaka miezi mitatu baadaye.

Ndege iliyosema ikianguka

Waingereza walileta kutoka Malta meli mbili za pekee, Severn na Mersey. Zilikuwa zimejengwa kwa ajili ya mito ya Brazil, matumbo yake bapa, na ziliweza kupita mahali ambapo manowari nyingine zingekwama. Mizinga yao ilikuwa mikubwa, lakini wapigaji wasingeweza kuiona shabaha yao kwa sababu ya mikoko. Macho yao yalikuwa ndege, na ndege ilisema nao kwa simu ya upepo.

Tarehe 6 Julai 1915 walijaribu mara ya kwanza. Walipiga makombora zaidi ya mia sita, wakaipata Königsberg mara chache tu. Mizinga ya Looff, ikiongozwa na walinzi wake wa vichakani, ilijibu vizuri, ikauvunja mmoja wa mizinga ya Mersey na kuua mabaharia. Waingereza wakarudi nyuma.

Jumapili tarehe 11 Julai walirudi. Ndege ilikuwa na rubani John Cull na mwangalizi wake Arnold. Mara tu makombora ya Severn yalipoanza kuipata shabaha, ndege nayo ikapigwa. Ilianza kushuka, injini imevunjika. Arnold hakuacha kazi. Aliendelea kutuma maelekezo kwa simu ya upepo, pigeni mbele zaidi, pigeni nyuma kidogo, mpaka ndege ilipogusa maji karibu na Mersey na wao wawili wakaokolewa. Maelekezo hayo ya mwisho ndiyo yaliyoimaliza Königsberg. Meli ilishika moto. Looff mwenyewe alijeruhiwa. Mchana akaamuru watu washuke, majeruhi wakaondolewa, kisha kichwa cha bomu la majini kikalipuliwa chini ya meli ili isitekwe. Ikakaa juu ya matope ya Rufiji, sitaha yake bado juu ya maji.

Mizinga inapanda nchi kavu

Mtu mwingine angehesabu kazi yake imekwisha. Looff alizika wafu wake, akaamuru mizinga yote kumi iopolewe. Kila mmoja ulikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja kwa bomba peke yake. Ilikokotwa kwa kamba kupita vichaka na mchanga hadi Dar es Salaam, mamia ya watu wakivuta, na katika karakana za mji ikatengenezewa magurudumu. Kisha ikagawanywa nchi nzima. Mmoja ulifungwa katika meli Graf von Goetzen huko Kigoma, ile ambayo baadaye ilisafiri miaka mingi katika Ziwa Tanganyika kwa jina la Liemba. Mwingine ulikwenda Mwanza. Nyingine ilipiga Kondoa.

Na mmoja ukaja Kahe.

Fikirini, enyi wanafunzi wa jiografia. Reli ya Kati na reli ya Tanga hazikuungana wakati ule. Njia ya Ruvu hadi Mnyusi ilifunguliwa mwaka 1963 tu. Baharini walikuwa Waingereza. Kwa hiyo mzinga uliotoka Rufiji kuja reli yetu ulipita katikati ya nchi kwa mikono na mabega ya watu, ndipo ukapakiwa garini kuja huku. Na kwa nini Kahe? Kwa sababu Jenerali Smuts alikuwa ameingia na jeshi kubwa, wengi wao kutoka Afrika Kusini, akaichukua Moshi tarehe 13 Machi 1916, na Kahe ndiyo mlango wa kushukia bonde letu. Mapigano yalifanyika kuanzia tarehe 18 hadi 21 Machi. Mzinga wa Königsberg ulipiga kutoka mahali ulipojengewa. Usiku wa mwisho Wajerumani waliulipua wenyewe, wakavuka mto Ruvu, wakateremka kwa reli wakipita hapa Kifaru mpaka Lembeni. Smuts mwenyewe katika taarifa yake ya vita ametaja kuukuta mzinga huo umeharibiwa juu ya msingi wake.

Juu ya msingi wake. Msingi wa mawe na mataruma.

Mei 1916 vita ilipita mbele ya milima yetu, majeshi mengine yakifuata reli, mengine mto, na kikosi cha King's African Rifles kikipita katika pengo la Ngulu, wakashuka Same na kwenda zao kusini. Reli ilikuwa imeng'olewa njia nzima.

Miaka ya mwisho ya nahodha

Looff alikuwa Dar es Salaam, kisha mji ulipotekwa Septemba 1916 alikuwa amekwisha kuelekea kusini. Huko aliongoza majeshi dhidi ya Wareno waliokuwa wamevuka Ruvuma, akawatoa Newala Novemba 1916. Lakini chakula, dawa na risasi vilikuwa vikiisha. Novemba 1917, Lettow alipochagua wenye nguvu wa kuvuka naye Ruvuma, Looff alikuwa miongoni mwa walioachwa nyuma, akawa mateka wa Waingereza. Wakati huo mizinga yake yote kumi ilikwisha kulipuliwa au kutekwa.

Alirudi Ujerumani baada ya vita, akastaafu akiwa katika daraja la maadmeri. Aliandika vitabu juu ya vita vyake, na kimoja alikipa jina la Kiswahili: Tufani. Alifariki Berlin mwezi wa Septemba 1954, akiwa na umri wa miaka 80.

Meli yake ilibaki Rufiji. Mwaka 1924 haki ya kuiopoa ilinunuliwa kwa paundi 200 na John Ingles, yule yule aliyekuwa nahodha wa Pegasus. Katika miaka ya 1960 ilikatwakatwa kwa ajili ya chuma, na mwaka 1966 mabaki yake yakapinduka na kumezwa na matope. Baadhi ya mizinga yake iliyosalia iko Mombasa, niliyoiona, na Pretoria mbele ya majengo ya serikali.

Hukumu yangu

Mnaniuliza, je, Looff alikuwa shujaa? Alikuwa baharia hodari. Alijua kunyamaza, alijua kungoja, na meli ilipokufa hakukata tamaa. Hayo vijana wanaweza kujifunza. Lakini alipigania milki ambayo haikuwa yake, katika nchi ambayo haikuwa yake, na mabega aliyoyatumia hayakuwa yake. Kwa upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi wanaokaribia laki moja, na jina la Kariakoo katika Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi chao. Kwa upande wa Wajerumani hawakuhesabiwa ipasavyo. Mabaharia 38 wa Pegasus wana makaburi yao na majina yao. Waliokokota mizinga kumi kutoka Rufiji hawana hata jiwe.

Vita ya Looff ilikuwa vita ya kusikia. Waingereza walimshinda kwa sababu walisikiliza: waya, upepo, karatasi ya Lindi, ndege inayoanguka. Mimi nilikuwa na mtu aliyekuwepo, ameketi mbele yangu kivulini, anasema Kiswahili safi, na sikumsikiliza. Angenieleza jina la msimamizi wao, chakula walichokula, wangapi walianguka, mzinga ulilia vipi, alirudi vipi Kifaru. Hayo hayamo katika kitabu cha Looff, wala cha Lettow, wala katika taarifa ya Smuts. Yalikuwa katika kichwa kimoja, nami nikayafunga kwa kicheko.

Basi, ninyi mlio kidato cha tatu sasa, mzee akikuambia jambo ambalo akili yako inalikataa, liandike kwanza kama alivyolisema. Kulipinga kutakuja baadaye, kama kutahitajika. Na ninyi wahitimu wenzangu, tutakapokutana tena hapa Kifaru, kila mmoja aje na jina moja la mtu wa kwao aliyechukuliwa katika vita ile, pamoja na alilosimulia, hata kama ni neno moja. Tuyachape katika toleo lijalo la jarida hili.

Mimi nitaanza na la babu yangu. Na katika lile daftari langu la kidato cha tatu, ambalo ninalo bado, nimekwisha kufuta ule mstari na kuandika juu yake kwamba mzee alisema kweli.